Kibali cha Kushona

Nchi yenyewe ipo, ila ukiitafuta kwenye ramani utachosha macho bure. Ramani zake zote zilikusanywa zikapelekwa kuchorwa upya, baada ya mkubwa mmoja kugundua kwamba nchi jirani inaonekana kubwa zaidi. Ni nchi njema. Raia wake hawalalamiki, na wakilalamika hulalamika kwa utaratibu, Alhamisi baada ya chakula cha mchana, wakati ofisi zimefungwa.

Katika mji wake mmoja uitwao Mkongeni palikuwa na daktari wa upasuaji, Sikudhani Malembeka. Hospitali nzima haikuwa na mwingine wa kushika kisu. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwepesi wa hatua, ambaye hajapata kukaa kitini mpaka chai ikapoa. Wauguzi walisema hata akilala miguu yake huendelea kuzunguka wodini.

Msomaji asije akadhani Sikudhani alikuwa adui wa bima. Hasha! Bima aliililia. Kwa miaka mingi alikuwa ameona wagonjwa wakitoroka kwa madirisha na vidonda vibichi kwa kukosa cha kulipa, na wazazi wakizuiliwa na vichanga vyao mpaka baiskeli ya baba iuzwe. Alisema kila mahali palipomruhusu kusema, na pasipomruhusu pia. Basi siku Serikali ilipotangaza Mageuzi Makuu na kuanzisha Mfuko wa Bima ya Afya, aliangua kilio cha furaha katikati ya wodi. Wagonjwa nao wakalia, wakidhani kuna aliyefariki.

Kasoro iliyojitokeza baadaye ilikuwa ndogo tu, ya lugha. Mfuko ulikuwa wa afya. Mtu akiwa na afya, Mfuko ulikuwa naye bega kwa bega. Akiugua, afya imemtoka, kwa hiyo kile kilichokatiwa bima hakipo tena.

"Huwezi kudai bima ya gari ambalo huna," alieleza Mkurugenzi wa Mfuko, Bwana Chondoma Lugusi, redioni, kwa sauti ya upole kama ya mtu anayemlisha mtoto uji. Mtangazaji akamshukuru kwa kuliweka jambo hilo bayana.

Hata hivyo Mfuko haukukosa huruma. Mgonjwa aliyeugua bila kukusudia aliweza kuombewa kibali maalumu, akatibiwa hatua kwa hatua, kila hatua na idara yake. Na daktari aliyethubutu kutangulia kibali, hospitali yake ilipigwa kufuli, na wagonjwa wote waliokuwamo wakatangazwa kuwa wamepona.

*

Asubuhi ya Kongamano la Kusikiliza Maoni ya Madaktari, Makwega Songoro aliletwa hospitali amejikunja kama jongoo aliyeguswa. Makwega alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya manispaa, mtu wa mashavu makubwa na kicheko kikubwa zaidi. Siku hiyo mashavu yalikuwa yamenywea. Mkewe, Mama Tausi, alimshika kiuno kama mtu anayezuia ukuta usianguke.

Sikudhani aliweka vidole upande wa kulia wa tumbo, chini, akabonyeza taratibu, akaachia. Makwega alitoa sauti ambayo hakuna tarumbeta lililopata kuitoa.

"Kidole tumbo," daktari alisema. "Kikipasuka humu ndani, usaha utamwagika tumbo zima. Sista, omba kibali."

"Nimeshaomba, Daktari," alijibu Sista Yustina, muuguzi wa chumba cha upasuaji. "Wameuliza kama alitoa taarifa ya kuugua kabla ya kuugua."

"Ukawajibu nini?"

"Nimewaambia hakujua. Wamesema kutokujua kuna idara yake, wanaipelekea ombi."

Sikudhani alitoka mlangoni, akarudi, akatoka tena. Hapo ndipo Mganga Mfawidhi wa hospitali alipomdaka. Gari la matangazo lilikuwa limekwisha pita mara kadhaa: kila hospitali ipeleke daktari wa kutoa maoni, na isiyopeleka itahesabiwa kuwa haina madaktari, ifungwe.

"Nina mgonjwa," Sikudhani alisema.

"Una mgonjwa ambaye huna kibali cha kumgusa," Mfawidhi alimkumbusha. "Ukumbi uko ng'ambo ya barabara. Kaa huko, kibali kikitoka Sista akupigie. Nakuomba, mwenzangu. Nina wodi tatu za watu wasiopaswa kupona kwa kufuli."

Mama Tausi alikuwa akisikia yote. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Daktari, nawe unaondoka?" Swali hilo lilivuka barabara pamoja na Sikudhani.

*

Ukumbi wa Ridhaa ulikuwa na zulia zito na milango mizito zaidi. Madaktari walipokwisha kuingia, milango ilifungwa mpaka Kongamano liishe, ili maoni yasivuje.

Maoni yenyewe yalikuwa tayari. Kijana mmoja nadhifu, mtaalamu wa maoni, alipita akiwafundisha madaktari namna ya kuyatoa. Yalikuwapo ya kuunga mkono, na kwa ajili ya demokrasia yalikuwapo pia ya kupinga. Aliyepangiwa kupinga alitakiwa kusimama, kukunja uso, na kusema kwamba yeye binafsi anapinga vikali kucheleweshwa kwa pongezi kwa Serikali.

Sikudhani aliketi, akainuka, akahamia kiti kingine, akakiona nacho kina miiba. Simu aliishika kiganjani kama mtu aliyeshika kaa la moto asiyeruhusiwa kulitupa.

Mtu wa kwanza kumsogelea alikuwa Dokta Fungameza, mwenye hospitali binafsi yenye marumaru inayong'aa hata wagonjwa huteleza.

"Dada Sikudhani, Mageuzi haya yatatumaliza," alinong'ona. "Wewe watu wanakuamini. Simama uwaambie bima ni wizi mtupu. Turudi kwenye fedha taslimu, mlangoni, kama zamani. Mgonjwa akilipa anatibiwa, asipolipa anakuwa na nidhamu."

"Nidhamu ya kufa?"

"Ndiyo hiyo hiyo, ila kwa heshima."

Sikudhani akamtazama, akahisi kizunguzungu. Akisema Mfuko ni mbovu, huyu atakuwa wa kwanza kuushindilia udongo kaburini, na wazazi watarudi kuuza baiskeli. Akisema ni mzuri, Makwega yuko pale ng'ambo, tumbo linawaka. Maoni yake ya kweli yalikuwa marefu kidogo: kwamba bima ni kitu chema kilichoangukia mikono inayoogopa wagonjwa. Lakini maoni ya namna hiyo mtaalamu hakuwa nayo kwenye mkoba wake.

Simu ikatetemeka. Sista Yustina alikuwa ameandika: *Homa imepanda. Tumbo limekaza kama ubao.*

"Tulia, binti yangu," ilisema sauti ya kizee kando yake. "Unanitingishia kiti."

Alikuwa Dokta Mnubi, mganga mkongwe kupita wote nchini, maarufu kwa makofi yake. Kila mageuzi yaliyokuja aliyapigia makofi, na yalipofutwa akapigia makofi kufutwa kwake. Viganja vyake vilikuwa laini kama ngozi ya ngoma kuukuu.

"Mzee wangu, wewe maoni yako ni yapi?" Sikudhani alimuuliza, karibu kwa hasira.

Mnubi alifikiri. "Nilipokuwa kijana niliyaweka mahali pazuri yasipotee," alisema. "Sasa sikumbuki ni wapi."

*

Waziri alifika wakati watu wamekwisha kuchoka kusinzia. Aliitwa Mheshimiwa Profesa Daktari Injinia Ngwembe Tarishi, na aliyeruka cheo kimoja katika kumtaja alirudishwa mwanzo. Masikioni alivaa vifaa vya kusikilizia tafsiri, ingawa ukumbi mzima ulisema lugha moja. Wenye husuda wanadai vilikuwa vinapiga muziki. Sisi tuliona tu kwamba alikuwa akitikisa kichwa kwa mahadhi.

Itifaki ilitaka Waziri aanze kutembea kwa mguu wa kulia pale tarumbeta litakapofungua Wimbo wa Mfuko. Bendi ikajipanga. Ngoma ikapiga *du*. Waziri akainua mguu.

Tarumbeta halikulia.

Ngoma ikarudia *du*, kwa woga. Waziri akabaki mguu mmoja hewani kama korongo bwawani. Wasaidizi wake, wasijue la kufanya, wakainua miguu yao pia.

"Tarumbeta liko wapi?" Mheshimiwa aliuliza.

Mkurugenzi Chondoma alijongea, jasho likimtiririka. "Mheshimiwa, mpigaji amepatwa na... na upungufu wa muda wa afya."

Sikudhani alijikuta amesimama kabla hajaamua kusimama.

"Yuko wodini kwangu, Mheshimiwa," alisema. "Kidole tumbo kinakaribia kupasuka. Tangu asubuhi nangoja kibali cha kumpasua."

Ukumbi mzima ukainamisha nyuso ili zisionekane. Lakini Chondoma akatabasamu, akainua simu yake juu kama mshindi.

"Kimetoka! Kimetoka hivi sasa! Kupasua: imekubaliwa!"

Makofi yakarindima. Waziri akashusha mguu kwa ahueni. Sikudhani mwenyewe alikwisha fika nusu ya njia ya kuelekea mlangoni, moyo ukimdunda kwa furaha, ndipo akageuka. Daktari wa upasuaji ana mazoea ya kufikiria mwisho kabla ya kuanza.

"Na kushona, Mkurugenzi?"

"Kushona ni idara nyingine," Chondoma alisema kwa upole ule wa redioni. "Mkuu wa Idara ya Kushona yuko nje ya nchi, ziara ya mafunzo, anatazama wenzetu wanavyoshona. Akirudi, ombi lako litakuwa la kwanza mezani."

"Anarudi lini?"

"Ziara imeongezewa muda. Imefana sana."

Sikudhani akamgeukia Waziri. "Mheshimiwa, nimpasue mtu, kisha nimwache wazi?"

Waziri alichomoa kifaa cha sikio moja. Muziki ukasikika kidogo, kisha ukazimwa.

"Wazi?" alisema, uso ukimng'aa. "Daktari, umenena jambo kubwa kuliko unavyojua. Serikali hii ni ya nini? Ni ya uwazi! Tulipoomba kura tuliahidi uwazi. Tulipoapa tuliapa kwa uwazi. Maadui zetu wakasema uwazi ni wa midomoni tu, haujamfikia mwananchi wa kawaida. Leo umemfikia mpiga tarumbeta! Mwacheni awe wazi. Taifa zima limtazame ndani, lione kwamba hatuna cha kuficha!"

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mtaalamu wa maoni alifuta machozi. Dokta Fungameza naye alipiga makofi, kwa sababu zake.

Mtu mmoja tu hakupiga. Dokta Mnubi alikuwa ameweka viganja magotini, akivitazama kana kwamba ni vya mtu mwingine. Kisha, polepole, akateleza kutoka kitini, akalala chali juu ya zulia.

*

Sikudhani alimfikia wa kwanza, akapiga magoti, akatafuta mapigo ya moyo shingoni. "Mzee! Mzee wangu!"

Chondoma alikuja mbio, amegeuka rangi. Kanuni ya Ukumbi wa Ridhaa ilikuwa wazi: humo hukaa wenye afya tu. Mtu akiugua mbele ya Waziri, siku ya Mageuzi, takwimu za mwaka mzima zingeharibika.

"Asiugue humu!" alipiga kelele. "Mtoeni! Mtoeni kabla hajaugua rasmi!"

"Fungueni milango," Sikudhani alisema.

"Fungueni!" Chondoma naye aliamuru.

"Nani ambebe?" daktari mmoja aliuliza.

"Wote! Mbebeni nyote, upesi!"

Basi madaktari wa nchi ile wakambeba mwenzao. Kila mmoja alishika alichopata: huyu mkono, huyu mguu, huyu miwani. Dokta Fungameza alibeba kiatu. Walipotoka kwenye ngazi na jua likawapiga usoni, Mnubi alifumbua jicho moja.

"Milango imefunguliwa?" aliuliza.

"Imefunguliwa, Mzee. Usiseme, hifadhi nguvu."

"Basi niteremsheni, mnaniumiza mbavu." Alisimama, akajipangusa suruali, akamtazama Sikudhani. "Unangoja nini, binti? Kimbia. Nami naja. Zamani nilisomea dawa ya usingizi, kabla sijasomea makofi."

Sikudhani alikimbia. Magari yalipiga honi, muuza karanga akaokoa sinia lake, na nyuma yake mzee Mnubi akafuata kwa hatua fupi fupi, mguu mmoja pekupeku. Fungameza alikuwa bado na kiatu, hajui akipeleke wapi.

*

Kilikuwa kimeanza kuvuja. Sikudhani alikiona mara alipofungua tumbo: kidole tumbo kimevimba, cheusi ncha, usaha ukichuruzika. Alikifunga, akakikata, akakitoa. Kisha akasafisha tumbo kwa maji ya chumvi, tena na tena, mpaka yakatoka meupe. Mnubi alikaa kichwani pa mgonjwa, mkono juu ya mshipa, akimsemesha kwa sauti ya chini ingawa Makwega hakuwa akisikia. Chumbani humo miguu ya Sikudhani ilitulia. Hapo tu ndipo ilipokuwa ikitulia.

Hatimaye pakabaki kushona.

"Daktari," Sista Yustina alisema, "hospitali watatufungia."

"Najua."

"Na wewe watakufuta."

"Najua, Sista. Kama una jambo la kufanya huko nje, nenda. Sitakulaumu."

Nje ya mlango Mama Tausi alikuwa akisoma dua, sauti ikipanda na kushuka. Sikudhani alilitazama lile jeraha wazi, akawafikiria wagonjwa wa wodi tatu, na ile bima aliyoililia. Akishona, Mfuko utapata mkosaji, na Fungameza atapata hadithi ya kuuchafulia Mfuko. Asiposhona... Hilo halikuhitaji kumaliziwa.

"Uzi," alisema, akinyoosha mkono.

Yustina alikuwa ameshautunga kwenye sindano.

*

Taarifa rasmi ya Kongamano ilisomwa jioni ile. Ilisema madaktari waliguswa na Mageuzi kiasi kwamba mmoja wao alizimia kwa furaha, na wenzake, kwa umoja usio na mfano, wakatoka naye nje. Baada ya hapo maoni yalipitishwa kwa kauli moja. Kauli hiyo ilikuwa ya Waziri.

Habari za mshono zilipofika, Mfuko ulikaa kikao. Kulikuwa na hoja ya kuifunga hospitali papo hapo, mpaka mwanasheria akakumbusha kwamba ikifungwa, wagonjwa wote watatangazwa kupona, Makwega akiwamo. Taifa litasikia kwamba mtu aliyeshonwa bila kibali amepona kwa tangazo la Serikali yenyewe. Kikao kikaguna. Ikaamuliwa jambo la busara zaidi: mishono yote isiyo na kibali ifumuliwe, mbele ya Mkurugenzi, na daktari yule yule aliyeishona.

Idara ya Kufumua haikuwapo, ikabidi iundwe. Mkuu wake akateuliwa, mkuu akataka gari, gari likataka dereva, dereva akataka semina. Wakati huo Makwega alikuwa akila uji, kisha wali, kisha akawa anacheka tena, ameshika tumbo kwa tahadhari.

Asubuhi moja, siku kadhaa baadaye, Chondoma alipoingia wodini na amri mkononi, Mama Tausi alijitupa kitandani mbele ya mumewe. "Hamumfungui tena! Nifungueni mimi!"

Sikudhani alimwinamia sikioni. "Mama Tausi, kidonda kimeshikana. Nyuzi hutolewa siku zote, na hizi ningezitoa leo hata kama asingekuja mtu. Niamini." Kisha akasema kwa sauti, kwa heshima zote, "Mkurugenzi, amri nimeipokea. Naitekeleza."

Chondoma alitegemea mabishano. Utii ule ulimvunja nguvu. Mkasi ulipolia mara ya kwanza alipeleka uso ukutani, akafumba macho. Makwega akatekenyeka, akacheka.

"Tayari," Sikudhani alisema.

"Zote?"

"Zote."

Mkurugenzi aligeuka polepole, kama mtu anayetazama ajali. Aliona kovu jembamba, kavu, limefumba kama mdomo wa mtu anayejua siri.

"Mbona hafunguki?"

"Ameshapona."

"Kwa kibali cha nani?"

"Cha aliyemuumba, Bwana Chondoma."

Hiyo haikuwa idara ya Mkurugenzi. Alitia saini kwamba amri imetekelezwa, daktari ni mtiifu, na hospitali ibaki wazi. Mfuko ulifurahi sana, na tangu siku ile mji baada ya mji madaktari walianza kushona kwanza na kungoja amri ya kufumua. Serikali iliyaita hayo awamu ya pili ya Mageuzi.

Chondoma hakutoka, hata hivyo. Aliwaambia wasaidizi wamngojee garini. Alizunguka chumbani, akagusa mikasi, akasoma bango la kunawa mikono toka juu mpaka chini.

"Daktari," alisema mwisho, "kufumuliwa kunauma?"

"Kidogo."

"Na kupasuliwa?"

"Mgonjwa hulazwa usingizi. Kwa nini unauliza?"

"Siulizi mimi. Kuna rafiki yangu, mfanyakazi wa Mfuko. Sisi wa Mfuko hatuugui, unafahamu. Tumekula kiapo." Aliirudia ile mikasi, akaigusa tena. "Ana uvimbe kinenani. Kila akikohoa unatoka. Siku hizi hata asipokohoa."

Sikudhani alikuwa na jibu, na lilikuwa tamu ulimini: *aombe kibali.* Alilisikia likingoja kusemwa. Alikumbuka tumbo gumu kama ubao, na mwanamke aliyeuliza kama naye anaondoka. Miguu yake ikataka kutoka mlangoni, kama kawaida yake.

Badala yake alivuta pazia, akanawa mikono, akaonyesha kitanda.

"Panda, ulegeze mkanda."

Chondoma alipanda, amekakamaa kama mti, koti bado mwilini. Daktari aliweka vidole vyake penye uvimbe, kwa uangalifu, akabonyeza.

"Panauma?"

Mkurugenzi aliutazama mlango kwanza. Kisha akasema, kwa sauti ndogo sana, "Panauma."